Mabaki na Takataka Katika Pango la Mammoth

Mtu aingiaye leo katika Pango la Mammoth, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, haendi mbali kabla ya kuonyeshwa vitu vya aina mbili vilivyoachwa na waliotangulia. Vya kwanza ni masanduku makubwa ya mbao, na kando yake magogo marefu yaliyotobolewa katikati yakawa mabomba ya maji. Vya pili ni vijiti vya matete vilivyoungua ncha, ambavyo mgeni asiyeelekezwa angevikanyaga bila ya kuviona. Masanduku yale yaliachwa na watumwa waliochimba shura mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Vijiti viliachwa na watu wa kale waliopita humo miaka elfu mbili na zaidi iliyopita. Vyote viwili, siku vilipoachwa, vilikuwa takataka. Leo sheria ya nchi inavilinda, na avichukuaye huweza kushtakiwa.

Katika pango hilo hilo, kwa miaka mingi, watu wa kujitolea wamekuwa wakiingia na magunia ili kutoa mbao zilizooza, nyaya kuukuu za umeme, makopo na vipande vya chupa. Kazi ya kulinda na kazi ya kuondoa hutendeka katika njia moja, na pengine hatua chache tu zatenga kitu kilindwacho na kitu kitolewacho. Basi lazuka swali: ni kwa kipimo gani kitu kilichoachwa pangoni huitwa takataka, na kwa kipimo gani huitwa mabaki? Swali hili lawahusu wachimbuaji wa mambo ya kale, lakini lawahusu pia wataalamu wa lugha, kwa kuwa hukumu yenyewe huanza katika jina ambalo kitu hupewa.

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya vitu visaliavyo baada ya kazi kwisha. Nazi ikikamuliwa husalia machicha. Mpunga ukipepetwa husalia makapi. Chakula kikiliwa husalia makombo. Chungu kikivunjika husalia vigae. Nyumba ikibomoka husalia kifusi, na ikiachwa kwa muda mrefu husalia gofu. Kila neno katika hayo lakumbusha kwanza kazi iliyotendeka, ndipo litaje kitu. Neno takataka halina tabia hiyo. Halisemi kitu kilitoka wapi wala nani alikitumia, bali latoa hukumu ya yule akitazamaye, kwamba hakifai na kiondolewe. Neno mabaki, lililotokana na kitenzi kubaki, lina tabia nyingine. Nalo halitaji kazi, lakini halihukumu. Lasema tu kwamba watu wamekwenda na kitu hiki kimebaki. Aitaye kitu takataka amekwisha kuamua. Aitaye mabaki bado anauliza. Historia ya Pango la Mammoth yaweza kusomwa kuwa ni historia ya vitu vilivyohama kutoka neno la kwanza kwenda neno la pili, na ya vingine ambavyo havistahili kuhama.

Ili jambo hili lifahamike yafaa kueleza kwanza tabia ya pango lenyewe. Mammoth ndilo pango refu kuliko yote yajulikanayo duniani. Njia zake zilizokwisha kupimwa zapita kilomita 680, nazo zimepangika juu kwa juu kama ghorofa ndani ya mawe ya chokaa. Ghorofa za chini zina mito na hufurika mvua zikizidi, lakini njia nyingi za juu ni kavu kabisa. Humo hamna jua, wala mvua, wala upepo wa nguvu, na baridi yake hukaribia digrii 12 au 13 mwaka mzima. Mahali pa namna hii kitu hakiozi upesi. Ubao wa miaka mia mbili huonekana kama umekatwa juzi, na kiatu kilichosukwa kwa majani hudumu maelfu ya miaka. Nje ya pango dunia husafisha baada ya watu: mchwa hula, mvua huchukua, majani huota juu. Ndani ya pango hakuna afanyaye kazi hiyo. Kila kilichowekwa chini husubiri pale pale, kiwe cha thamani au kisiwe. Pango ni mhifadhi asiyechagua.

Watu wa kale waliingia pangoni tangu miaka elfu nne au zaidi iliyopita, wakaendelea kuingia hadi karibu miaka elfu mbili iliyopita. Hawakuishi ndani, waliishi mlangoni na nje, wakaingia kwa kazi. Walikwangua jasi kutoka kutani, na walikusanya chumvi zenye kuharisha, za jamii ile ambayo watu wa pwani wameijua kwa jina la haluli. Walikwenda kilomita kadhaa gizani, wakiangaza kwa mienge ya matete na mabua yaliyokauka. Mwenge wa namna hiyo hauna budi kugongwa ukutani mara kwa mara ili jivu lianguke, na ukifika mwisho hutupwa na mwingine kuwashwa. Hivyo njia zao zimejaa ncha zilizoungua, na kuta zina madoa ya masizi. Wameacha pia makombe ya mtoni waliyokwangulia, vipande vya vibuyu, kamba, na makubadhi yaliyosukwa kwa majani na kutupwa yalipochakaa.

Wameacha pia kinyesi. Jambo hili lataka kutajwa bila haya, kwa sababu elimu kubwa imetokana nalo. Waswahili husema kwamba mavi ya kale hayanuki, na maana ya methali hiyo ni kuwa mambo yaliyopita hayafai kuchokorwa. Katika Pango la Salts, ambalo ni sehemu ya mtandao huo huo wa njia, methali imetimia kwa namna isiyotarajiwa: hayanuki, na kwa sababu hiyo yaweza kuchunguzwa. Bibi Patty Jo Watson, mtaalamu wa mambo ya kale, alianza utafiti wake katika pango hilo mwaka 1963, akatoa kitabu chake juu yake mwaka 1969. Katika kinyesi kilichokauka zilionekana mbegu za alizeti na za mimea mingine midogo ya nchi ile, pamoja na maganda ya kokwa za mwituni. Mbegu nyingine zilikuwa kubwa kuliko zile za mimea iotayo yenyewe, na hiyo ni alama ya kilimo. Ikadhihirika kwamba wenyeji wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini walilima mazao yao wenyewe kabla ya mahindi kuwa chakula chao kikuu. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 1996, ulipima homoni zilizobaki katika kinyesi hicho, nao ukaonyesha kuwa walioingia ndani kabisa walikuwa wanaume. Hakuna mzee aliyesimulia habari hizo, wala hakuna maandishi. Laiti mlinzi mmoja mwenye bidii angalifagia njia ile katika karne ya kumi na tisa, sura nzima ya historia ya kilimo ingalipotea katika ndoo yake.

Mwaka 1935 ulionekana mwili wa mmoja wa wachimbaji hao wa kale. Alikuwa amelaliwa na jiwe kubwa alipokuwa akichimba chini yake, na ukavu wa pango ulikuwa umeuhifadhi. Kwa miaka mingi mwili huo uliwekwa katika sanduku la kioo ili watalii wautazame, hata katika miaka ya 1970 ukaondolewa machoni pa watu. Hapa waonekana upande wa pili wa hatari. Mabaki yaweza kudhulumiwa kwa kuitwa takataka. Yaweza kudhulumiwa pia kwa kuitwa kitu cha maonyesho. Yule aliyekufa kazini alikuwa mtu, na mtu hana haki ya kuachwa tu, ana haki ya kustahiwa.

Zamu ya pili ya watu walioacha vitu vyao pangoni ni ile ya wachimbaji wa shura. Baruti hutengenezwa kwa makaa, kiberiti na shura, na shura ndiyo sehemu kubwa kuliko nyingine. Marekani na Uingereza zilipopigana katika vita vilivyoanza mwaka 1812, manowari za Waingereza zilizuia bidhaa za ng'ambo, na bei ya shura ikapanda sana. Udongo wa Pango la Mammoth una chumvi zifaazo kwa kazi hiyo. Wenye pango, Charles Wilkins na Hyman Gratz, waliwatia kazini watumwa wapatao sabini. Maksai walivuta mikokoteni ya udongo hadi kwenye masanduku ya kuchujia. Maji yaliletwa kutoka nje kwa mabomba ya magogo, yakamwagwa juu ya udongo, yakashuka na chumvi, kisha yakasukumwa kwa bomba kurudi nje. Huko yalichanganywa na maji ya majivu, yakachemshwa, na shura ikaganda. Shura ikapelekwa mashariki kwa watengenezaji wa baruti.

Vita vilipokwisha mwaka 1815 bei ilianguka, na kazi ikakoma. Kutoa masanduku na magogo kungaligharimu kuliko thamani yao, kwa hiyo yaliachwa yalipo. Hakuna aliyeyahifadhi kwa makusudi. Yalihifadhiwa na hasara. Leo ndiyo miongoni mwa mitambo ya shura ya zama zile iliyosalia katika hali njema kuliko yote nchini Marekani, na mtaalamu aweza kutazama jinsi mbao zilivyoungwa na magogo yalivyopachikwa moja ndani ya jingine, akaelewa ufundi wenyewe.

Lakini mitambo hiyo ina thamani nyingine, iliyo kubwa zaidi. Majina ya wenye pango yamo katika hati na katika barua za biashara. Majina ya wengi wa wale sabini hayamo. Watumwa hawakuandikiwa kumbukumbu isipokuwa waliponunuliwa, walipouzwa, au walipotoroka. Alama ya shoka juu ya gogo, mwungano wa mbao mbili, rundo la udongo uliokwisha kuchujwa, hizo ndizo sahihi zao. Kama masanduku yale yangalichomwa kuni, kama vilivyochomwa vyombo vya kazi katika mapango mengine mengi, wenye mali wangalibaki katika historia na wenye jasho wangaliondoka kabisa. Hivyo kuuliza kama kitu fulani ni takataka mara nyingi ni kuuliza nani atakumbukwa.

Habari za Stephen Bishop zaeleza jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1838 Franklin Gorin alilinunua pango, akamtia Bishop, kijana mtumwa, katika kazi ya kuwaongoza wageni. Mwaka ule ule Bishop alivuka shimo kubwa ambalo hadi wakati huo lilikuwa mwisho wa njia, akafungua sehemu za pango ambazo hazikujulikana na watu wa zama zake. Mwaka 1839 pango liliuzwa kwa daktari John Croghan wa Louisville, na Bishop akauzwa pamoja nalo. Mwaka 1842 alichora ramani ya pango kwa kukumbuka tu, na ramani hiyo ikachapishwa katikati ya miaka ya 1840 ikiwa na jina lake. Aliachiwa huru mwaka 1856, akafa mwaka uliofuata. Pamoja naye walifanya kazi watumwa wengine wawili, Mat na Nick Bransford, waliokodishwa kutoka kwa bwana wao.

Katika zama hizo ilikuwa desturi wageni kuacha majina yao darini kwa moshi wa mshumaa. Kiongozi aliyejua kuandika aliwaandikia wageni kwa malipo, na akipata nafasi aliandika jina lake mwenyewe. Majina ya Stephen, Mat na Nick yangali yasomeka hadi leo katika sehemu kadhaa za pango. Mtu asiyekuwa na haki ya mwili wake mwenyewe aliinua mshumaa, akaandika kwamba alikuwapo. Leo mtalii akiandika jina lake ukutani hufanya kosa, na jina lake hufutwa. Tendo ni lile lile, na moshi ni ule ule. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza hakuwa na daftari jingine la kuandikiwa, na huyu wa pili ana hati, ana picha, ana njia elfu za kujulikana. Aidha, jina lake laweza kufunika jina la aliyetangulia, na hivyo ndivyo majina mengi ya kale yalivyoharibiwa.

Mfano wa tatu ni vibanda vya wagonjwa. Croghan aliamini kuwa hewa ya pangoni, isiyobadilika, ingaliweza kuponya kifua kikuu. Mwaka 1842 alijenga vibanda ndani, akawaweka wagonjwa humo, na viongozi watumwa wakawa wakiwapelekea chakula. Giza, baridi, na moshi wa taa na meko viliwazidishia ugonjwa. Wengine walikufa, na mwaka 1843 jaribio likaachwa. Croghan mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1849. Vibanda viwili vya mawe vyasimama hadi leo. Ni mabaki ya kosa, nayo yafaa kuwapo, kwa maana makosa ya elimu yana faida kwa elimu pale yaonekanapo.

Baada ya mifano hii mtu aweza kushawishika kusema kwamba kila kiachwacho pangoni kiachwe milele. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu pango si ghala tu, ni makao ya viumbe pia. Katika maji ya chini ya Mammoth huishi uduvi mdogo asiye na macho, ambaye hapatikani popote ila katika eneo hilo, naye amewekwa tangu mwaka 1983 katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka. Viumbe vya namna hiyo vimezoea chakula kidogo na maji safi. Makombo ya chakula huleta kuvu na vijidudu vya nje. Betri zilizopasuka hutoa sumu. Maji ya mvua hupenya katika nyufa za chokaa na kuishukisha sumu hiyo hadi mitoni.

Katika vitu vilivyodhuru mapango ya nchi nyingi, kimoja chastahili kutajwa kwa sababu jina lake limefika katika Kiswahili. Dawa ya kabaidi ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Ikidondoshewa maji hutoa gesi iwakayo kwa mwanga mweupe, na kwa hiyo taa yake ilipendwa na wachimbaji wa migodi na wapenda mapango katika sehemu kubwa ya karne ya ishirini. Neno karabai, ambalo Waswahili wamelitumia kwa taa yenye mwanga mkali, lina sauti za karibu sana na jina hilo. Taa ile ilipokwisha kuwaka iliacha unga mweupe wa chokaa kali, na waingiaji wengi waliumwaga pale walipokaa kupumzika, au waliufukia chini ya mawe. Unga huo huunguza, na huua vijidudu vya udongoni. Hautoi habari ila moja, kwamba mtu alikaa hapa na hakutaka kubeba mzigo wake. Taa ndogo za umeme zilipoenea, mwanzoni mwa karne ya ishirini na moja, kabaidi ikaachwa na walio wengi. Lakini marundo yake meupe yangalipo katika mapango mengi.

Madhara makubwa zaidi hutoka nje. Katika mji wa Horse Cave, usio mbali na Mammoth, lipo Pango la Hidden River, ambalo mto wake ulikuwa ukiupatia mji maji. Kwa miaka mingi maji machafu ya miji ya jirani na ya viwanda yaliachwa yaingie ardhini, yakafika pangoni. Mwaka 1943 pango lilifungwa kwa watalii, kwa kuwa harufu yake haikuvumilika. Mtambo mpya wa kusafishia maji machafu ulianza kazi mwaka 1989, na katika miaka michache iliyofuata mto ukaanza kurudia usafi wake, viumbe vikarudi, na watalii wakaruhusiwa tena. Hakuna mtaalamu ambaye angaliomba uchafu ule uhifadhiwe ili vizazi vijavyo visome tabia za watu wa 1943. Yaliyohitajiwa kujulikana yalikwisha kuandikwa katika karatasi, na kubaki kwake kulikuwa kuua.

Sheria za Marekani zimejaribu kuweka mpaka kwa kuhesabu miaka. Kwa kufuata utaratibu uliotokana na sheria ya kuhifadhi historia ya mwaka 1966, kitu kilichotimiza miaka hamsini huweza kufikiriwa kuwa cha historia. Sheria ya mwaka 1979 juu ya mali za kale yataka miaka mia moja. Sheria ya mwaka 1988 yalinda mapango yenyewe katika ardhi ya serikali kuu. Kipimo cha miaka kina faida, kwa kuwa ni chepesi na hakimpendelei mtu. Kopo la bati la mwaka 1930 likionekana, mwenye gunia hana ruhusa ya kulichukua kabla ya kuuliza. Kopo la juzi hulichukua.

Hata hivyo kipimo hicho chaleta ajabu zake. Marundo ya kabaidi ya mwaka 1950 yamekwisha kutimiza miaka hamsini, na sumu haikupungukiwa na ukali kwa kuwa na umri. Kwa upande mwingine, kitu kichanga chaweza kuwa na habari kubwa. Mwaka 1972 wapimaji waliokuwa wakichunguza njia za Flint Ridge, upande wa pili wa bonde, walimwona mwenzao Patricia Crowther akirudi kutoka njia nyembamba na habari ya jina lililochorwa katika matope ya ukuta: Pete H., na mshale ulioelekea Mammoth. Pete Hanson, kiongozi wa watalii, alikuwa amepita huko mwaka 1938, yaani miaka thelathini na minne tu kabla yao. Kwa kipimo cha miaka hamsini, jina lile lilikuwa uchafu wa ukutani. Tarehe 9 Septemba 1972 wapimaji walirudi, wakaufuata upande wa mshale, wakavuka maji yaliyowafika kifuani, na John Wilcox akauona mbele yake mkono wa chuma wa njia ya watalii wa Mammoth. Mapango mawili yakawa moja, na kwa ugunduzi huo Mammoth likawa pango refu kuliko yote duniani.

Basi yaonekana kuwa umri peke yake hautoshi, na kwamba maswali mawili hayana budi kuulizwa pamoja nao. La kwanza ni la madhara: je, kitu hiki kikibaki kitaua kilicho hai, au kitaharibu kilichotangulia? La pili ni la ushahidi: je, aliyekiacha kitu hiki ana shahidi mwingine? Kabaidi hushindwa katika maswali yote mawili, na yafaa kutolewa hata ikiwa na miaka mia. Sanduku la shura hushinda katika yote mawili. Mbao zilizooza katika njia za maji hukaa katikati, maana baadhi ya vijidudu vya pango vimekwisha kufanya makao ndani yake. Kwa hiyo waangalifu huzitoa kidogo kidogo, baada ya kutazama na kuandika kilichomo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulifikiri jambo hili, kwa maana mapango ya pwani nayo yamehifadhi bila ya kuchagua. Katika Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wachimbuaji wamepata tabaka juu ya tabaka za vitu vilivyoangushwa na kuachwa na watu wa kale, na katika hizo zimo shanga za makombe ya baharini na za maganda ya mayai ya mbuni. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba humo ndani lilionekana kaburi la mtoto mdogo, mwenye umri wa karibu miaka mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Wachunguzi walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na jina hilo limesafiri ulimwenguni likiwa hivyo hivyo. Mwili huu uliwekwa kwa mikono na kwa huzuni. Vitu viangushwavyo na vitu viwekwavyo vilikutana katika udongo mmoja, na ni uangalifu wa mchimbuaji tu uliovitenga.

Tofauti hiyo ya kuangusha na kuweka ingali hai. Katika mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, ipo sehemu ya mzimu ambako watu huenda na haja zao, wakaacha vitambaa, chupa za marashi na vitu vingine vya tambiko. Mtalii apitaye na taa huona chupa tupu na matambara. Yule aliyeleta haoni hivyo: kwake hiyo ni sadaka, au ni nadhiri iliyoondolewa. Kiswahili kimempa majina kamili ya alichokiacha, na hakuna hata moja katika majina hayo liwezalo kubadilishwa likawa takataka bila ya kumtukana. Safisha-safisha ifanywayo na mgeni asiyejua majina hayo ingaweza kuondoa, kwa siku moja na kwa nia njema kabisa, dua za watu wengi.

Kutokana na hayo kazi ya mtaalamu wa lugha katika uhifadhi wa mapango ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Orodha za vitu vilivyomo pangoni huandikwa na watu, na watu huandika kwa maneno waliyo nayo. Orodha isemayo “takataka, gunia tatu” imekwisha kufunga kesi kabla ya kusikilizwa. Orodha isemayo “vigae, chupa mbili za marashi, ncha za mienge, unga wa kabaidi kiasi cha kopo moja” yamwachia asomaye baadaye uwezo wa kuamua upya, hata kama vitu vyenyewe vimekwisha kutolewa. Mwenye gunia hutazama kwa taa ya leo. Ni haki kwamba kabla ya kufunga kamba ya gunia lake ataje kwa jina kila alichokitia ndani, kwa kuwa wale sabini wa Mammoth hawakuacha neno, waliacha mbao, na mbao hizo zilisubiri zaidi ya miaka mia kabla ya kupata mtu wa kuziuliza.